Wiki za Soksi

Dawn Tebbutt hakuwa na gari la kuaminika, hakuwa na bustani, hakuwa na mama aliye hai wa kumwachia watoto wala dada wa kumkopesha. Hakuwa na sanduku la safari. Nguo za familia zilisafiri kwenye mifuko ya buluu ya supamaketi. Hakuwa na picha hata moja ya yeye, mumewe na wanawe wawili wakiwa pamoja nje ya Uingereza, kwa sababu hawakuwahi kutoka. Hakuwa na likizo ya kujichagulia, maana mpishi wa shule hupumzika shule ikifungwa, si siku moja kabla. Na mwaka huo, zaidi ya vyote, hakuwa na muda. Kieran, mwanawe mkubwa, alikuwa amepata uanagenzi kwenye karakana ya meli huko Barrow, mbali kaskazini, na alitakiwa kuripoti Jumatatu ya mwisho ya Julai. Mvulana akishaondoka nyumbani namna hiyo, kinachorudi ni mgeni.

Kwa hiyo Dawn aliamua kwamba watakwenda ng'ambo, wote wanne, wiki moja, kabla Kieran hajaondoka. Alilisema jambo hilo Januari, sebuleni, huku akisukuma makochi ukutani.

"Unatafuta nini, panya?" aliuliza Carl, mumewe, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku ghalani, anakoendesha foko ya kuinulia mizigo.

"Napima chumba cha Bulgaria."

Alikuwa na futi ya fundi na utepe wa gundi. Akabandika mistari juu ya zulia: huu ukuta, huu mlango wa choo, hiki kitanda cha wazazi, hiki kitanda cha sofa. Chumba cha familia, watu wanne, ndivyo tangazo lilivyosema. Katika picha ya tangazo kulikuwa na baba, mama na watoto wawili wadogo waliolala kichwa huku na miguu kule kama samaki wa kopo.

"Kieran, lala hapo. Jodie, na wewe."

Kieran, miaka kumi na minane, akajilaza. Jodie, mdogo wake wa kike, miaka kumi na mitano, akajilaza kinyume chake, simu mkononi.

"Nyoosha miguu, Kieran."

"Nimenyoosha."

"Mbona sioni kichwa?"

"Kiko chini ya televisheni, mama."

"Mimi silali na nyayo za huyu puani," Jodie alisema bila kuinua macho. "Wiki nzima? Bora nilale bwawani."

"Na wewe unakoroma."

"Sikoromi!"

"Unakoroma kama lori la takataka."

Carl alicheka hadi akashika mbavu. Dawn hakucheka. Aliichukua simu, akaenda kukaa kwenye ngazi, akaipigia kampuni ya safari. Akapokewa na msichana mwenye sauti nzuri.

"Watu wazima wangapi, mama?"

"Wawili, na watoto wawili. Mmoja kumi na minane, mmoja kumi na mitano."

"Basi ni watu wazima wanne."

"Huyu wa kumi na mitano bado anavaa sare ya shule."

"Kwetu mtoto mwisho wake ni miaka kumi na mmoja, mama."

"Haya. Kama ni mtu mzima, nipe vyumba viwili. Mimi na mume wangu kimoja, yeye na kaka yake kimoja."

Vidole viligonga upande wa pili. "Haitawezekana. Kila chumba lazima kiwe na mtu aliyefikisha miaka ishirini na moja."

"Ngoja nikuelewe. Kwenye kulipa ni mtu mzima, kwenye kulala ni mtoto?"

"Ndivyo mfumo unavyosema, mama."

Huyo msichana hakuwa na kosa. Naye alikuwa amekalishwa mbele ya mashine na kuambiwa aitii. Lakini mahali fulani yuko mtu aliyekaa ofisini, akatafuta umri ambao mzazi hawezi kuuponyoka, akaukata katikati kama mkate ili pande zote mbili zimwangukie yeye. Mtu huyo hapokei simu.

Dawn aliporudi sebuleni alikuwa ameshapata njia. "Chumba cha wanaume na chumba cha wanawake. Carl na Kieran, mimi na Jodie."

"Miaka ishirini ya ndoa," Carl alisema, "halafu fungate nalala na Kieran."

"Na usinikumbatie usiku," Kieran alisema.

Bei ikaja. Ingekuwa Agosti, wasingethubutu hata kuisoma kwa sauti. Lakini Dawn alizaliwa Earlsby, na watu wa Earlsby wana neema moja waliyoachiwa na wazee wao. Viwanda vya soksi vilipokuwa vinanguruma, mji mzima ulizima mitambo wiki mbili za katikati ya Julai, na shule zikafunga siku hiyo hiyo, mapema kuliko karibu nchi nzima. Viwanda vilishakufa. Majengo yake sasa ni nyumba za ghorofa na maduka ya mazulia. Wiki zilibaki. Huziita wiki za soksi, na kwa wiki hizo mbili mtu wa kipato kidogo anaweza kupanda ndege kwa bei ambayo siku kumi baadaye inaruka mara mbili, sehemu nyingine zote za nchi zinapofunga shule zao. Hakuna mtu wa Earlsby anayeangalia kalenda kujua zinaanza lini. Ni kama kuuliza Krismasi iko mwezi gani.

Dawn hakuangalia kalenda. Akalipa arubuni, na kufikia mwisho wa Aprili walikuwa wamemaliza kulipa. Carl aliuza fimbo zake za kuvulia samaki. Kieran alifanya kazi za Jumamosi kwenye duka la matairi. Jodie aliacha kudai simu mpya, na kwa Jodie hilo lilikuwa kubwa kuliko fimbo za baba yake.

*

Habari mbaya ilimfikia Dawn kupitia menyu.

Ilikuwa Mei, saa nne asubuhi, jikoni kwenye shule aliyosoma Jodie, sufuria za viazi zikichemka. Bev, msimamizi wa jiko, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwamuzi wa mpira, alibandika ukutani orodha ya vyakula hadi mwisho wa muhula. Dawn akaisoma huku anajifuta mikono. Jumatatu soseji. Jumanne pasta. Jumatano pai ya kuku. Akarudia kusoma tarehe.

"Bev, wiki hii umeiweka kwa makosa. Wiki hii hatuko."

"Tuko."

"Hizi ni wiki za soksi."

"Mwaka huu hakuna wiki za soksi, mama. Hukusikia? Wale wenye mtandao wa shule nyingi waliochukua shule yetu wameshabadilisha. Tunafunga pamoja na watu wote, mwisho mwisho wa Julai."

Dawn alishika ukingo wa meza ya chuma. "Nimelipa, Bev. Nimelipa zote."

Bev akapunguza moto chini ya viazi, na hapo Dawn akajua kwamba jambo ni zito, kwa sababu Bev hakuwahi kupunguza moto kwa ajili ya mazungumzo.

"Sikiliza. Usiende kuomba kwa mtu. Jumatatu ile piga simu, sema umetapika. Mtu wa jikoni akitapika haruhusiwi kukanyaga humu hadi siku mbili zipite. Zikipita, unatapika tena. Unatapika hadi Ijumaa."

"Na Jodie?"

"Amekuambukiza yeye! Au wewe umemwambukiza. Shida iko wapi? Nusu ya mji huu itakuwa inatapika wiki ile. Hata mimi tumbo langu limeanza kunguruma."

Jioni hiyo Dawn alipiga simu kuuliza kama anaweza kusogeza safari. Sauti ilikuwa nyingine, adabu ile ile. Kusogeza kunawezekana. Tofauti ya bei ilikuwa kubwa kuliko safari yenyewe, na siku ya kwanza yenye nafasi ilikuwa Jumatano baada ya ile Jumatatu ya Barrow. Kuhusu kurudishiwa pesa, sauti ilisema inasikitika. Haikusikika kusikitika.

*

Hakumsikiliza Bev. Alitaka kuomba kama mtu mzima. Alitumikia shule ile miaka kumi na tisa, akaona walimu wakuu wanne wakija na kuondoka, na hakuwahi kuomba zaidi ya glavu mpya.

Alipangiwa kumwona makamu wa mwalimu mkuu, Bwana Fenwick, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye viatu vyeupe vya raba na kamba ya kitambulisho shingoni. Akaambiwa asubiri kwenye korido. Viti vya korido vilikuwa vifupi, vya watoto wanaosubiri adhabu. Dawn akakaa, magoti yamepanda kifuani, kofia ya wavu bado kichwani kwa sababu hakupewa muda wa kuivua. Pembeni yake alikaa binti mdogo mwenye wino usoni.

"Miss, na wewe umefanya nini?" binti akanong'ona.

"Nimenunua tiketi ya ndege."

Binti akatikisa kichwa kwa huruma. "Watakutoa nje ya darasa wiki mbili."

Mlango ukafunguliwa. "Dawn! Karibu, karibu." Alimwita kwa jina lake la kwanza. Yeye alitarajiwa kusema Bwana Fenwick, na akasema.

Alieleza. Alieleza vizuri, maana alikuwa amefanya mazoezi akimenya karoti. Bwana Fenwick alisikiliza huku amekunja uso kwa namna ya watu waliofundishwa kusikiliza.

"Naelewa kabisa, Dawn. Lakini kalenda iko kwenye tovuti yetu tangu Novemba."

"Hatukuangalia. Watu wa mji huu hawajawahi kuangalia. Bibi yangu alizima mashine wiki hizo hizo, na bibi yake."

"Ndiyo, nimesikia hiyo historia ya soksi. Inapendeza sana. Kuna picha tumeweka pale mapokezi."

"Kwa nini mmezibadilisha?"

"Mtandao una shule nyingi, kutoka miji mingi. Tukifunga siku moja, inarahisisha."

"Inamrahisishia nani?"

Bwana Fenwick akatazama skrini yake, kama vile jina la mtu huyo lingeandikwa pale. Halafu akaanza kuuliza maswali kwa upole, akibofya.

"Tuangalie kama kuna sababu maalumu. Kaka yake Jodie anakwenda jeshini?"

"Anakwenda kuunda meli."

"Aa. Ingekuwa jeshini ningeweza kuona la kufanya. Msiba je? Hakuna msiba kwenye familia?"

"Hajafa mtu."

"Sikukusudia hivyo."

"Najua. Lakini ndiyo bei mnayotaka? Mtu afe?"

Masikio ya Bwana Fenwick yakawa mekundu. Akamweleza yaliyobaki kwa haraka: Jodie asipokuwepo bila ruhusa, kila mzazi atapigwa faini. Na Dawn mwenyewe, kwa kuwa ni mfanyakazi wa mtandao, kutokuja kazini bila ruhusa ni kosa la nidhamu. Onyo la maandishi, pengine zaidi ya onyo. Si yeye anayeamua, ni makao makuu.

Kisha akafanya jambo ambalo nadhani aliliona kuwa wema. Akausogelea mlango, akashika kitasa, akashusha sauti.

"Mtoto akiugua, Dawn, ni kuugua. Hatumpigii mtu hodi nyumbani kwake. Unanielewa?"

Dawn alimwelewa. Alikuwa amepewa uongo kama anavyopewa mtu koti kuukuu, na sasa alitarajiwa kushukuru.

"Asante kwa muda wako," alisema, na akarudi kwenye viazi.

Nasema hili bila kupepesa macho: hiyo ndiyo sheria tuliyonayo. Mwenye pesa akipigwa faini huilipa kama anavyolipa maegesho ya gari, akaenda zake Ureno, na ndiyo maana faini haimfundishi kitu. Asiye na pesa anafundishwa kutapika. Waliotunga sheria wanajua, wanaoisimamia wanajua, na kila mmoja yuko radhi, ilimradi karatasi iseme ugonjwa. Wanachokidai ni kwamba ukiondoka, uondoke kama mwizi. Masomo ya mtoto hayamo kabisa katika hesabu hiyo.

*

Dawn aliporudi nyumbani na kusimulia, Carl hakuona ugumu.

"Kijana amekupa njia. Pita. Unataka akuchoree ramani?"

Basi usiku huo, juu ya mayai na chipsi, Carl alianza kumfundisha Jodie. Alikuwa mtu wa mzaha, na aliufanya mzaha wa kweli. Akashika chupa ya sosi ya nyanya kama simu.

"Mimi ni mwalimu wako. Jodie Tebbutt! Wiki jana ulikuwa wapi?"

"Naumwa."

"Nini?"

"Tumbo."

"Tumbo limefanyaje?"

"Limekwenda Bulgaria," Kieran akadakia, na Jodie akamrushia chipsi.

"Acheni upuuzi. Tena! Tumbo limefanyaje?"

"Nilitapika na kuharisha, mwalimu. Nikuonyeshe?"

"Safi! Usipomwogopesha hatakuamini. Sasa, simu. Shule ikipiga tukiwa kule, hakuna kupokea. Mlio wa ng'ambo ni tofauti, watajua papo hapo."

"Na picha?"

"Hakuna picha. Hata moja. Wala wewe Kieran usiweke picha yenye mkono wake."

"Mkono wangu una jina?"

"Una rangi ya kucha, kila mtu anaujua."

Walicheka. Dawn alikuwa anaosha sufuria, mgongo kwao, na yeye pia alitabasamu kidogo. Kisha Jodie akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria.

"Na nikirudi nimeungua na jua je? Wiki ya mwisho bado tuko shule."

Carl akaweka chini chupa ya sosi. Alifikiri kwa makini, kama afikiriavyo jinsi ya kupanga mizigo.

"Kofia. Na mwavuli. Asubuhi na jioni unaweza kutoka. Saa za jua kali unakaa chumbani."

"Chumbani?"

"Kuna televisheni."

"Ya Kibulgaria."

"Na ngozi yako hii nyeupe, nusu saa tu unakuwa kama kamba wa kuchemshwa. Lazima tuwe waangalifu. Shati la mikono mirefu. Baharini uingie jua likishatua."

"Kama popo," Kieran alisema, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Jodie alikuwa anahesabu kitu kichwani. Midomo yake ilicheza. Kisha akakubali kwa kichwa. "Sawa. Nitakaa ndani. Nyie mtakuwa mnaniletea aiskrimu." Na hakulisema kwa uchungu, alilisema kwa moyo mwema, kama mtu aliyepewa sehemu yake ya mzigo.

Dawn alifunga bomba.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Sitampeleka mwanangu baharini akajifiche jua."

"Ni wiki moja, Dawn. Ni uongo mdogo."

"Mdogo kwa nani? Wewe na Kieran mtakuwa mchangani. Huyu atakaa nyuma ya pazia. Amelipiwa kama mtu mzima, Carl. Mtu mzima! Nilibishana na yule msichana wa simu hadi nikachoka. Halafu akae ndani kama aliyeiba. Ameiba nini? Kaka yake?"

"Basi tufanyeje? Tukisema kweli, wewe unapoteza kazi. Umesikia mwenyewe. Nani atanilipia nyumba, Bev?" Mzaha ulikuwa umemtoka Carl, sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi nitampeleka Kieran. Nyie wawili mbaki. Angalau mmoja wetu..."

Hakumaliza. Jodie alikuwa ameikodolea macho sahani yake. Kieran akasukuma kiti nyuma.

"Tuache tu. Mimi sina shida. Nitakuja Krismasi."

"Krismasi," Dawn alisema, "utakuja na begi la nguo chafu, utalala siku mbili, halafu utaenda baa na wenzako. Nakujua. Sikulaumu. Hata mimi nilifanya hivyo, hadi siku nilipokuja nikamkuta mama amezeeka. Mimi nataka wiki moja. Sijaomba mwezi. Nataka wiki moja niwaone nyie wawili mnagombania taulo mahali ambapo mimi sipiki."

Nje, jirani alikuwa anaburuta pipa lake la taka.

"Na wakikufukuza?" Carl aliuliza, taratibu.

"Watakuwa wamenifukuza kwa kitu nilichofanya. Sijawahi kutapika kazini miaka kumi na tisa, na sitaanza sasa kwa ajili ya Fenwick."

"Dawn..."

"Naogopa, Carl. Usidhani siogopi. Lakini kalamu naweza kuishika."

Carl alikuwa mtu mwoga wa mabosi, na hakuona aibu, kwa kuwa mabosi walishampa sababu. Mwishowe akainuka, akafuta meza kwa kitambaa, akaikausha kwa mkono wa shati ili karatasi isilowe.

"Nitaomba zamu za Jumapili," alisema. "Kwa ajili ya faini."

*

Dawn aliandika barua kwa shule mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ndefu, yenye historia ya viwanda na bibi na bei za Agosti, akaichana. Kieran alikaa karibu, akisoma juu ya bega lake.

"Mama, hujaweka 'tafadhali'."

"Nimewapa 'tafadhali' kila siku tangu nianze pale. Zipo za kutosha."

"Na 'naomba radhi'?"

"Kwa lipi?"

Kieran akafikiri. "Ni kweli."

Barua ya pili ilisema hivi:

*Kwa Mwalimu Mkuu,*

*Binti yangu Jodie Tebbutt hatakuja shuleni wiki ya pai ya kuku, yaani ile iliyokuwa wiki ya kwanza ya soksi. Mimi pia sitakuja jikoni wiki hiyo. Tunakwenda Bulgaria na kaka yake kabla hajahamia Barrow. Tulilipa kabla hatujajua kwamba mmebadilisha tarehe.*

*Niliomba ruhusa, nikanyimwa. Nikashauriwa, na zaidi ya mtu mmoja, kusema kwamba tunaumwa. Hakuna anayeumwa. Jodie atarudi ameungua na jua, na naomba asiulizwe maswali, kwa sababu majibu yako humu.*

*Faini tutailipa. Kuhusu kazi yangu, mtaamua. Chakula cha wiki hiyo nitakuwa nimekiagiza na kukipanga, watoto hawatakosa kula.*

*Dawn Tebbutt, Jikoni.*

Carl aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye neno Jikoni akapangusa pua. "Hapo kwenye pai ya kuku," alisema, "hawataelewa."

"Bev ataelewa."

*

Kesho yake, baada ya kazi, Dawn alikwenda posta, ambayo siku hizi ni dirisha moja nyuma ya duka la magazeti la Bwana Sodha. Jodie alikuja naye, begi la shule mgongoni. Mbele yao kulikuwa na mzee anayerudisha viatu alivyonunua kwa simu, na ilichukua muda.

"Barua ya rejesta," Dawn alisema zamu yake ilipofika.

Bwana Sodha alisoma anwani, akainua miwani yake, akatazama dirishani. Kutoka pale dukani paa la shule lilikuwa linaonekana.

"Si hapo juu tu? Si ndipo unapofanya kazi?"

"Ndipo."

"Basi kwa nini unitajirishe mimi? Mpelekee mkononi kesho, ukiwa unawapa uji wao wa kastadi."

"Nikiwapa mkononi itawekwa kwenye droo. Nataka mtu aipokee na atie sahihi kwamba ameipokea."

Bwana Sodha hakuuliza zaidi. Alikuwa ameuza magazeti Earlsby miaka mingi na alijua sura ya mtu aliyeamua. Akaigeuza bahasha.

"Hujaifunga."

"Najua."

Dawn alitoa karatasi, akaifungua juu ya kaunta, akamsogezea Jodie. "Soma. Ni habari yako pia. Kama kuna neno hulitaki, lifute sasa."

Jodie akasoma, polepole, kidole chake chenye kucha ya kijani kikifuata mistari. Nyuma yao mtu alikohoa kwa makusudi. Jodie hakuharakisha. Alipomaliza akaikunja mwenyewe, akaipanga kingo kwa kingo, akairudisha ndani.

"Ngoja, nifunge mimi," alisema.

Akaulamba mkanda wa gundi, uso ukamkunjamana kwa ladha yake, akaubonyeza kwa kiganja kutoka pembe moja hadi nyingine, akarudia tena. Dawn akalipa. Bwana Sodha akabandika kibandiko chenye namba, akapiga muhuri, akampa Dawn risiti, akaitupa barua kwenye mfuko wa kijivu uliokuwa sakafuni.

"Itafika kesho kabla ya saa saba mchana," alisema. "Anayefuata!"